Battle Creek Sanitarium

Battle Creek Sanitarium ilikuwa hospitali na kituo cha afya huko Battle Creek, Michigan, Marekani. Waadventista Wasabato waliifungua mwaka 1866, kufuatia mafundisho ya kiongozi wao Ellen G. White kwamba kutunza mwili ni sehemu ya ibada. Daktari John Harvey Kellogg aliiongoza tangu 1876. Wagonjwa walitibiwa kwa maji, mazoezi, mwanga wa jua na mapumziko. Pombe na tumbaku vilikatazwa. Chakula kilikuwa nafaka, karanga, matunda na mboga bila nyama, na katika kituo hicho ndimo zilimozaliwa nafaka za kiamsha kinywa zinazojulikana kama kornifleksi. Jengo kuu liliungua 1902 likajengwa upya. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilinunua majengo hayo.