Kutoka Marufuku ya 1974 hadi Maabara ya Mkufunzi

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hesabu za Serikali zilivurugika baada ya kukabidhiwa kwa mashine, huku wataalamu wazalendo wa kuzisimamia wakiwa wachache mno. Mwaka 1974 likaja jibu: kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali. Tulikiogopa chombo kwa kuwa hatukukijua, kisha tukajinyima nafasi ya kukijua.

Ninalikumbusha tukio hilo kwa sababu hofu ya namna ile ingali hai, na gharama yake inaonekana katika ukanda wa Shinyanga na Geita. Hapa utajiri umelindwa kwa uzio na walinzi tangu John Williamson alipogundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000 ulifuata desturi hiyohiyo. Lakini tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, mapato ya mchimbaji mdogo wa Nyarugusu na ya muuza mchele wa Kahama hulala ndani ya simu. Mwizi wa leo haruki ua, hutuma ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muda wake wa mwisho ulikuwa Januari 2020, haukuukomesha.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Inaharamisha kuingia katika mfumo wa mwingine isivyo halali, na hata kumiliki programu iliyoundwa kwa ajili ya kutenda kosa. Sheria hiyo inahitajika. Hata hivyo, adhabu bila elimu ni fikra ya 1974 katika vazi jipya, maana mkufunzi mwadilifu huogopa kugusa zana ambazo mhalifu anazitumia kila siku.

Mradi wa TEHAMA katika vyuo vya ualimu, uliofadhiliwa na Sweden kuanzia mwaka 2005, uliwafundisha wakufunzi kutumia kompyuta. Hatua inayofuata ni kuwafundisha kuilinda, na hilo halijifunzwi kwa kunakili ubaoni. Udukuzi wa kimaadili ni kuujaribu mfumo kwa idhini ya mwenyewe ili kuyabaini matundu yake kabla ya mwizi. Mkufunzi aketi katika maabara isiyounganishwa na intaneti, apewe mfumo uliowekwa makusudi na kasoro, atafute njia zilizoachwa wazi, ajaribu nywila dhaifu, aandike taarifa, kisha azibe alichokiona. Akishafanya hivyo kwa mikono yake, kila mwalimu atakayemfunza atakwenda na ujuzi huo hadi shule ya kata, na mtoto wa mchimbaji ataupeleka nyumbani.

Kinachotenganisha mdukuzi mwadilifu na mhalifu mbele ya sheria ni idhini. Basi ninyi mlio katika ofisi za elimu za mikoa hii, waandikieni wakufunzi idhini hiyo, ikitaja maabara, vifaa na mipaka ya majaribio. Karatasi moja yenye muhuri itaondoa hofu ambayo marufuku ya 1974 ilituachia.