Lubumbashi: Mama akirudi kazini, maziwa yasikauke

Mama mwenye mkataba wa kazi inchini Kongo ana haki ya likizo ya uzazi ya wiki 14. Kati ya hizo, wiki za kisha kuzaa hazipiti 8. Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri mtoto apate maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, ndiyo wiki 26 hivi. Hesabu haikutani: mama anarudi kazini mtoto akiwa na miezi 2, na kunabaki miezi 4 ya kujipanga. Ni ndani ya miezi hiyo ndipo wamama wengi wa Lubumbashi, wawe wa ofisi za mjini, wa shule za Katuba ao wa soko la Kenya, wanaanza kusema: «Maziwa yangu inakauka.»

Kwa nini yanapunguka

Ziwa halifanyi kazi kama ndoo inayojazwa mara moja. Linatengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotoka. Mtoto akinyonya, mwili unapata habari kwamba maziwa yanahitajika, na unatengeneza mengine. Ziwa likibaki limejaa saa nyingi, mwili unaelewa kinyume: yametosha, tupunguze. Basi, mama mwenye kukaa kazini toka saa moja ya asubuhi mpaka saa kumi bila kukamua, siku kwa siku, atapoteza maziwa hata kama anakula vizuri. Si bahati mbaya, wala si jicho la jirani.

Wasiwasi na uchovu vinazuia pia maziwa kushuka, hata kama yako ndani. Ndiyo maana mama mwingine anakamua kwa haraka na kupata matone tu, lakini akitulia kidogo, akiwaza mtoto ao kuangalia foto yake kwenye telefone, yanatoka.

Sheria inasema nini

Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mama anayenyonyesha mapumziko 2 kwa siku, kila moja ya nusu saa. Mapumziko hayo yanalipwa sawa saa za kazi. Wakati wa likizo ya uzazi, mama anapata sehemu mbili kwa tatu za mshahara wake, na mkubwa wa kazi hana ruhusa ya kuvunja mkataba wake.

Inafaa mama azungumze na mkubwa wake mbele ya kurudi, si kisha. Aombe saa kamili, kwa mfano saa nne na saa saba, na mahali penye mlango na maji ya kunawa. Choo si mahali pa kukamulia chakula cha mtoto. Akikataliwa, anaweza kupitia kwa wajumbe wa wafanyakazi, ao kwenye Inspection du Travail.

Kukamua kwa mkono

Mashini ya kukamua inauzwa katika farmasi zingine, lakini mkono unatosha. Mama anawe mikono na sabuni. Aweke kidole gumba juu ya ziwa na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi. Asukume kwanza kuelekea kifua, kisha abane na kuachilia, bila kuvuta chuchu. Azungushe vidole ili ziwa lote litoke. Afanye hivyo kila saa 3 hivi. Inafaa kuanza mazoezi wiki 2 mbele ya kurudi kazini.

Mtoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 anakunywa karibu mililita 750 kwa siku, ni kusema 30 hivi kwa saa. Mama akikosekana saa 9, aache karibu mililita 270.

Kuweka maziwa, umeme ukikatika

Katika chombo safi chenye kifuniko, maziwa yanaweza kukaa saa 4 ndani ya nyumba yenye baridi ya kadiri, isiyopita digri 25. Mwezi wa 10, joto likizidi, yasifikishe muda huo. Katika frigo yanakaa siku 4, lakini hiyo ni frigo yenye umeme. Siku za delestaji, sanduku la kutunza baridi lenye barafu linayalinda mpaka saa 24.

Kuyapasha, chombo kiwekwe ndani ya maji ya moto kidogo. Maziwa yenyewe yasichemshwe. Nkambo ao yaya anayebaki na mtoto ampe kwa kikombe kidogo, si kwa biberoni: kikombe kinaoshwa vizuri kwa upesi, na mtoto hazoei chuchu ya mpira akakataa ziwa. Asimwongezee maji wala uji. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, hata wakati wa joto.

Wamama wasio na mkataba

Sheria hiyo haimfikii mama mwenye kuuza unga ao makala kwa hesabu yake mwenyewe. Kwake, njia rahisi ni kubeba mtoto, ao mtu wa nyumbani amlete sokoni mara 2 kwa siku. Kwa wamama wote, usiku ndio saa ya kulipa deni: mtoto anyonye kila anapotaka, na siku za mapumziko vilevile.

Chakula na dawa

Bukari na sombe, maharagi, karanga na samaki vinampa mama nguvu, na anywe kila akisikia kiu. Munkoyo mpya si mbaya, lakini uliokaa siku nyingi unakuwa na pombe. Hakuna kinywaji chenye kuchukua nafasi ya kunyonyesha na kukamua.

Vidonge vingine vya kupanga uzazi, vyenye estrojeni, vinaweza kupunguza maziwa. Amwambie muganga kwamba ananyonyesha. Tena, kunyonyesha kunazuia mimba tu ikiwa mtoto hajafikisha miezi 6, mama hajaona damu ya mwezi, na hapiti saa 4 mchana ao saa 6 usiku bila kunyonyesha. Mwenye kushinda kazini asitegemee njia hiyo peke yake.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Mtoto anayekojoa mara 6 ao zaidi kwa siku na kuongeza kilo kwenye CPS anashiba, hata kama mama anaona ziwa laini. Asipoongeza kilo, akikojoa kidogo ao akilegea, apelekwe upesi. Ziwa likiwa gumu, jekundu, na mama ana homa, asiache kunyonyesha: aende kutunzwa siku hiyohiyo, huku akiendelea kutoa maziwa.