Njia ya Misafara na Gitaa la Remmy Ongala

Mwaka 1947, karibu na mji wa Kindu ulioko kando ya mto Lualaba, katika nchi ya Maniema upande wa mashariki wa Kongo, alizaliwa mtoto aliyeitwa Ramazani Mtoro Ongala. Kutoka huko hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,400. Hata hivyo jina lake la kwanza ni la mwezi wa kufunga, na la pili ni neno la Kiswahili ambalo watu wa pwani nao huwapa watoto wao. Ulimwengu ulikuja kumjua mtoto huyu kwa jina la Remmy. Atakaye kufahamu maisha yake ya muziki hana budi kwanza kujua majina hayo yalifikaje Lualaba. Na jibu la swali hilo liko Tabora.

Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Kaze, ilikuwa katika Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapo na kugawanyika. Tawi moja lilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Jingine lilikwenda magharibi hadi Ujiji, ambako watu walivuka Ziwa Tanganyika kuingia Maniema. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliwakuta Waarabu wamekwisha jenga matembe yao na kufanya makao. Hapo ndipo alipokaa pia baba yake Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, ambaye yeye mwenyewe alivuka ziwa na kuifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua nguo, shanga na waya kwenda bara, wakarudi na pembe za ndovu.

Njia hiyo ilichukua pia watu waliofungwa minyororo. Mwezi wa Julai 1871, katika soko la Nyangwe, Livingstone aliona kwa macho yake wafanya biashara wenye bunduki wakiwaua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Basi asemaye kwamba Kiswahili kilienea bara kwa amani tupu hasemi kweli. Lakini lugha haibaki kuwa mali ya aliyeileta. Wapagazi, askari, wake na watumwa walioisema waliifanya kuwa yao, na misafara ilipokoma wao waliendelea kuisema. Kiswahili cha huko kikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana, ingawa wengi wa waliojifunza hawakuhesabiwa kuwa waungwana.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi ikafika mwisho wake. Mji haukuacha kuwa njia panda. Baadaye vijana wake waliunda bendi ambazo jina lao lilivuma nchini kote: Kiko Kids, Tabora Jazz, na Nyanyembe Jazz, ambayo ilichukua jina la ile nchi ya misafara. Katika muziki wa dansi wa bendi za Tanganyika rumba ya Kongo ilisikika waziwazi, nayo rumba hiyo ilikuwa imejifunza mengi kutoka santuri za Kuba. Hivyo sauti ya gitaa ilitoka magharibi kwenda mashariki, kama pembe zilivyotoka zamani. Tofauti ni kwamba safari hii hapakuwa na mtu aliyelazimishwa kuibeba.

Remmy alikuwa mmoja wa waliokuja na sauti hiyo. Inasimuliwa kwamba alizaliwa na meno mawili, na jambo hilo likachukuliwa kuwa dalili ya uganga. Ndiyo sababu baadaye akaitwa Dokta. Baba yake alikuwa mtu wa ngoma na nyimbo, lakini alifariki mwanawe angali mdogo. Kijana akaishi kwa muziki, kwanza Kongo na kisha katika nchi za jirani, mpaka mwaka 1978 alipofika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliingia katika bendi ya Matimila, ambayo chini ya uongozi wake ikawa Super Matimila.

Huko Dar es Salaam alikuwa mgeni, lakini hakuhitaji mkalimani. Aliimba Kiswahili, na watu wa vilabuni, wachuuzi na wafanya kazi wakajisikia wenyewe ndani ya nyimbo zake. Mwaka 1988 alialikwa Uingereza katika tamasha la WOMAD. Mwaka uliofuata ikatoka sahani yake Songs for the Poor Man, na mwaka 1992 ikafuata Mambo. Kati ya nyimbo zake zimo “Sauti ya Mnyonge” na “Kifo”, ambamo tajiri na maskini wamewekwa chini ya hukumu moja. “Mambo kwa Soksi” wa mwaka 1990 ulihimiza matumizi ya kondomu dhidi ya ukimwi, wakati ambapo kulitaja jambo hilo hadharani kulihesabiwa ni aibu.

Katika miaka yake ya mwisho aliuacha muziki wa dansi akaimba nyimbo za dini. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Huko Sinza, mahali alipoishi pamebaki na jina la Kwa Remmy.

Wako waliomhesabu kuwa Mkongo aliyekuja kutafuta riziki Tanzania, na kwa hati za mipaka hawakukosea. Lakini Kiswahili alichokiimba hakikuwa cha kuazima. Kilifika kwao kupitia Tabora kabla baba yake hajazaliwa, kikiwa juu ya vichwa vya wapagazi na katika vinywa vya watu waliouzwa. Njia ile ilimfanya mnyonge kuwa bidhaa. Mwana wa Maniema alikirudisha Kiswahili pwani ili kusema kwamba mnyonge ni mtu.