Kitale na Bungoma: Mahakama ilivyomkaribia mwananchi

Julai 1953, majaji wa Mahakama ya Juu ya koloni walikaa Kitale kuamua swali moja: je, hakimu aliyesikiliza kesi ya Kapenguria alikuwa na mamlaka ya kuisikilizia pale? Tarehe 8 Aprili mwaka huo, Ransley Thacker alikuwa amemhukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Lakini Thacker aliteuliwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, na Kapenguria ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa. Majaji wakaona kesi yote imekosa msingi. Serikali ikakata rufaa, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikairejesha hukumu.

Wakubwa walishindana juu ya mpaka wa mkoa. Kwa mkulima wa Kwanza, Trans Nzoia, au mjane wa Sirisia, Bungoma, swali la mamlaka ya mahakama lina sura nyingine: kesi yangu inasikizwa wapi, na nani, na nitakwenda mara ngapi?

Enzi za ukoloni, jibu lilitegemea rangi ya mtu. Trans Nzoia, iliko Kitale, ilikuwa nchi ya walowezi wa Kizungu. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya baraza la wazungu wenzake kuamua kama ana hatia. Mwafrika alipewa washauri tu, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Upande wa pili wa mpaka, Bungoma ilikuwa sehemu ya Kavirondo Kaskazini, wilaya iliyoendeshwa kutoka Kakamega. Huko mashauri ya mahari, mifugo na mipaka ya mashamba yalipelekwa mbele ya wazee, katika mabaraza yaliyowekwa chini ya sheria ya mwaka 1930, kisha katika Mahakama za Waafrika za mwaka 1951. Mabaraza hayo yalikuwa karibu na watu, lakini mkuu wa wilaya, DC, ndiye aliyeyasimamia. Ofisa huyohuyo aliyekusanya kodi ndiye uliyemlilia ukionewa.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1967 ilizifuta mahakama hizo na kuwaweka Wakenya wote chini ya mfumo mmoja wa mahakimu. Ubaguzi wa kisheria ukaisha, lakini wazee hawakusahaulika. Sheria ya mwaka 1990 iliwapa nafasi katika mabaraza ya migogoro ya ardhi. Mabaraza hayo nayo yalivunjwa mwaka 2011, kazi ikapewa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo leo ina majaji Kitale na Bungoma.

Wengi hudhani mahakama hizi ni za kaunti kama zilivyo hospitali na zahanati. Sivyo. Katiba ya 2010 iliacha Idara ya Mahakama kuwa taasisi ya kitaifa. Gavana hana sauti ndani yake. Kilichobadilika ni ukaribu. Kaunti ya Bungoma ina vituo vya mahakimu Bungoma mjini, Webuye, Kimilili na Sirisia. Majaji wa Mahakama Kuu nao wako Kitale na Bungoma, kwa hiyo kesi za mauaji na rufaa kutoka kwa mahakimu husikizwa hukohuko.

Asubuhi ya kesi, watu huanza na orodha iliyobandikwa ukutani: namba ya kesi, majina, chumba, na kama ni ya kutajwa au ya kusikizwa. Hapo ndipo mgeni hukwama. Kutajwa kwaweza kuisha kwa dakika mbili: karani anaita jina, hakimu anauliza kama mashahidi wako tayari, tarehe nyingine inatolewa. Kiswahili kinaruhusiwa kisheria mbele ya hakimu, na asiyekifahamu vizuri hutafsiriwa. Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Asiyeridhika na uamuzi wa jinai ana siku 14 za kukata rufaa. Wa madai ana 30. Mtu aweza kupoteza haki hiyo kwa kuhesabu vibaya tu.

Mageuzi ya karibuni yameshughulikia muda. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi nchini Aprili 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, bila kumlazimu mtu kuajiri wakili. Kifungu cha 159 cha Katiba kimeruhusu upatanisho na njia za kienyeji, na mwaka 2020 sera ya kitaifa ikaziwekea utaratibu. Wazee wamerudi tena, safari hii bila DC, na mradi wasivunje haki za mtu.

Kujenga kituo Sirisia kumempunguzia mjane kilomita. Lakini kesi ikiahirishwa mara nne, kilomita hizo humrudia zote, na nauli juu yake. Kazi iliyobaki ni kumfikisha kwenye hukumu kwa safari chache, na hiyo haitaki majengo mapya; yataka mashahidi waje, polisi walete faili, mawakili wajiandae, na hakimu akatae visingizio.