Hati za Watumishi Wetu: Toka Sanduku la Bati Hata Mtandaoni

Ndugu wanachama, kurasa zilizotangulia zimewasimulia habari za mizani, maghala na bei. Sisi twapenda kueleza jambo lisiloonekana shambani, nalo ni hati za watumishi: mikataba, vyeti na barua za likizo. Huenda mkulima akauliza, yamhusu nini? Yamhusu sana, maana mshahara wa karani na fidia ya mlinzi hutoka katika ushuru wa kila kilo aipelekayo ghalani.

Tangu Sheria ya Ushirika ya Tanganyika ya 1932, vyama vikuu vimekuwa waajiri wa watu wengi, na kila mtumishi alikuwa na jalada lake masjala. Mwaka 1976 vyama hivyo vilivunjwa na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Watu walihama, ofisi zikahama, lakini karatasi haina miguu.

Sisi tuliirithi hasara hiyo miaka kumi iliyopita. Alitujia mzee mmoja aliyepima pamba tangu ujana wake, akauliza miaka yake ya utumishi. Tulifungua masanduku ya bati, tukakuta udongo wa mchwa. Barua yake ya kuajiriwa ilipatikana nyumbani kwake, imefungwa katika kanga ya mkewe. Mke wa mpima pamba alikuwa mtunza masjala bora kuliko sisi, na hatuoni haya kuliandika hilo.

Tena sheria haimwachii mwajiri mzembe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaagiza maelezo ya ajira yatunzwe miaka mitano baada ya mkataba kwisha. Na shauri likifika mbele ya sheria, mwajiri asiyeweza kuyatoa ndiye hubebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Mzigo huo mwishowe humwangukia mkulima.

Ndiyo sababu Halmashauri ilikubali majalada yapigwe picha na kuhifadhiwa katika mfumo wa mtandaoni. Humo hati hufungwa kwa maandishi ya siri, na nakala yake hukaa mbali na jengo letu, hata moto ukizuka. Kila afisa huingia kwa neno lake la siri na kwa namba itumwayo katika simu yake. Naye akifungua jalada, jina lake na saa yake huandikwa.

Hata hivyo mashine haimlindi mtu asiyejilinda. Katika miezi ya mwanzo tulikuta neno la siri limeandikwa nyuma ya kalenda ukutani, na maafisa watatu wakilitumia kwa zamu! Cheti cha daktari cha mtumishi si habari ya kila mtu. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, nayo yatutaka tuzikinge habari hizo. Sasa karani wa mishahara huona mishahara tu, na afisa aachaye kazi hufungiwa mlango siku ile ile.

Kazi ya kuingiza majalada ya kale haijakwisha. Watumishi wastaafu, au jamaa zao, walio na barua za zamani nyumbani, twawaomba wazilete ofisi kuu. Zitapigwa picha mbele ya macho yao, kisha watarudishiwa papo hapo.