Unene uliokithiri: unatibiwaje hospitalini?

Mama, unene uliokithiri ni ugonjwa. Usimcheke mgonjwa wako, wala wewe usijifiche.

Nani aende hospitali?
Zidisha urefu kwa urefu (mita), kisha gawanya uzito (kilo) kwa jibu hilo. Ukipata 40 au zaidi, au 35 na una kisukari au shinikizo la damu, mwone daktari. Mtu wa mita 1.6 mwenye kilo 103 ameshafika 40. Mtoto hupimwa kwa chati yake kliniki.

Matibabu
- Lishe, mazoezi na dawa, chini ya uangalizi.
- Puto: huwekwa tumboni bila kupasuliwa, na baada ya miezi kadhaa hutolewa. Huduma hii ipo Muhimbili-Mloganzila, Dar es Salaam.
- Upasuaji: sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hukatwa. Hairudishwi.

Baada ya upasuaji
Kula kidogo kidogo na meza vitamini maisha yako yote. Usibebe mimba kwa miezi 12 hadi 18. Muulize nesi njia ya uzazi wa mpango inayokufaa. Ukipata homa, maumivu makali ya tumbo au kutapika kusikoisha, rudi hospitali siku hiyo hiyo.