Tableti au kisomeo? Historia fupi kabla ya kutoa pesa



Kila tukizungumza juu ya chumba cha kusomea, swali linarudi lile lile: tukipata pesa kidogo, tununue tableti au kisomeo? Kisomeo ni ile mashine ambayo kwa Kifaransa tunaiita liseuse. Haina kazi nyingine, ni kusoma tu. Kabla ya kujibu tuangalie historia, maana wengine walishapita njia hii.

Kwetu kusoma hakukuanza jana. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alisoma kwa Mapadri Weupe kule Mpala, na makala yake juu ya saikolojia ya Wabantu ilianza kutoka kwa Kifaransa mwaka 1910. Mwaka 1917 akapewa upadri hapa hapa, wakati Kirungu ikiitwa Baudouinville. Lakini zamani zile kitabu kilikaa misioni, na msomaji ndiye alikifuata. Vifaa vya leo vinaahidi kinyume: kitabu kimfuate msomaji mpaka nyumbani. Je, ni kifaa gani kilitimiza ahadi hiyo?

Kisomeo kilitangulia. Kampuni ya E Ink ilizaliwa Marekani mwaka 1997. Wino wake ni vidonge vidogo sana vyenye chembe nyeusi na nyeupe: umeme unazipandisha au kuzishusha, halafu zinabaki pale pale. Ndiyo maana kisomeo kinakula umeme hasa wakati wa kugeuza ukurasa, na betri inaweza kukaa wiki kadhaa. Juani kinasomeka kama karatasi. Sony waliuza Librié Japani mwaka 2004, na Amazon wakatoa Kindle Novemba 2007 kwa dola 399. iPad ilikuja Aprili 2010, ina rangi na video, lakini betri yake inahesabiwa kwa masaa.

Kwa mtu anayechaji kwa sola, mchezo unaonekana umekwisha: kisomeo kimeshinda. Shirika la Worldreader nalo lilianzia hapo. Mwaka 2010 lilipeleka Kindle kwenye shule za Ghana, na mwaka uliofuata Kilgoris, Kenya. Watoto walipata vitabu ambavyo hawakuwahi kuviona. Lakini jaribio la Ghana lilionyesha jambo chungu: karibu vifaa 40 kwa kila 100 viliharibika.

Mwaka 2012 Worldreader wakaingiza vitabu ndani ya telefone, hata zile ndogo za bei rahisi. UNESCO ikawauliza wasomaji zaidi ya 4,000 katika nchi saba, Uganda na Ethiopia zikiwemo, na ikatoa ripoti mwaka 2014. Watu 62 kwa kila 100 walisema wanasoma zaidi tangu waanze kusoma kwa telefone. Wanaume walikuwa wengi, 77 kwa kila 100. Lakini wanawake, ingawa wachache, walisoma wastani wa dakika 207 kwa mwezi, wanaume dakika 33 tu! Dada zetu walikuwa na kiu ya kusoma. Kilichokosekana ni kitabu kilicho karibu.

Serikali na mashirika makubwa nao walichagua vifaa vya kazi nyingi. Kenya iliahidi kompyuta kwa watoto wa shule mwaka 2013, ikaishia kugawa tableti kuanzia 2016, zaidi ya milioni moja. Mfuko wa Vodafone na UNHCR walianza mwaka 2013 kupeleka tableti kwenye shule za wakimbizi, Dadaab kwanza, baadaye hata Nyarugusu ng'ambo ya ziwa, ambako Wakongo wengi wanaishi.

Mimi nasoma historia hii hivi: kisomeo hakikushindwa kwenye kusoma. Kwa kusoma tu, bado ni bora. Kilishindwa kwa sababu kilikuja na mradi, kikakaa mikononi mwa mradi. Telefone ni mali ya msomaji. Ikipasuka kioo, mwenyewe atahangaika mpaka ipone, na fundi wake yuko sokoni. Fundi wa kisomeo utampata wapi hapa Moba?

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa agronomia tunalijua. Jani la muhogo lenye mozaiki unalitambua kwa rangi: madoa ya manjano, jani limejikunja. Kwenye kisomeo cha nyeusi na nyeupe manjano inageuka kijivu, na somo limepotea. Tena silabasi zetu nyingi ni PDF za ukubwa wa A4. Kwenye kioo kidogo cha kisomeo utasukuma ukurasa kushoto na kulia mpaka uchoke. Kwa riwaya, kisomeo. Kwa silabasi na vitabu vya magonjwa ya mimea, hapana.

Mtu atasema: tableti italeta Facebook na filamu, na kusoma kutakufa. Ni kweli, hatari hiyo ipo, tusiifiche. Lakini dawa yake ni rahisi. Tununue tableti chache za bei ya kawaida, tusiweke kadi ya SIM, tuzijaze vitabu mapema: silabasi zetu, miongozo ya kilimo, na hadithi za watoto za African Storybook, ambazo zipo bure kwa Kiswahili. Tableti bila mtandao inakaribia kuwa kisomeo, ila hiki kina rangi na fundi wake yupo. Na zile zile PDF tumpe kila mtu kwenye telefone yake, aende nazo nyumbani.

Betri ndiyo itatusumbua, kwa hiyo sola iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na mtu mmoja mwenye jukumu la kuchaji. Chumba kisipokuwa na mtu huyo, tukinunua tableti au kisomeo, mwisho wake ni sandukuni.